Nani alitoa ngumi kwenye Aikido?

Ati Aikido ni densi? Zii. Morihei Ueshiba, mwanzilishi wake, alianza kujifunza Daito-ryu kwa Sokaku Takeda mwaka wa 1915, na huko kupiga kulikuwa kawaida. Kitabu chake cha 1938, Budo, kinaonyesha mapigo hayo kwa picha. Yanaitwa atemi. Si lazima uvunje mtu taya. Ukimrushia mkono usoni anashtuka, kichwa kinarudi nyuma, balansi imeenda; hapo ndipo unamshika na kumwangusha. Mwanafunzi wake Gozo Shioda aliandika kwamba kwenye pigano la kweli, atemi ni asilimia 70. Baada ya vita, walimu wengi wakasisitiza maelewano, pigo likabaki ishara tu. Mimi naona hapo tulipunjwa. Mtu akikuvamia kwa hasira, kwani atakuachia mkono wake bure?