Historia ya Kuku Wetu wa Kuchi

Akina mama wenzetu na wote mnaotuunga mkono, katika kitabu hiki mtasoma habari za hisa, mikopo na mgao. Sisi tumeona tuandike pia habari za kuku, maana kuku ndio walitaka kutuvunjia kikundi.

Tulipoanza mwaka 2014 tulikuwa akina mama 22. Kuchi walikuwa nao wachache. Kuku huyu hapa Shinyanga tunamjua: miguu mirefu, anasimama wima kama askari, upanga wa kichwani mdogo, mdomo umejikunja kama wa mwewe. Jogoo aliyekomaa anapita kilo mbili na nusu. Wapo pia Mwanza na Tabora, na Lamu kule Kenya. Watafiti waliopima damu yao walikuta ukoo wa upande wa mama unafanana na wa kuku wa kupigana wa Asia, kama Shamo wa Japani. Ndiyo maana majogoo wawili wakikutana hapakaliki!

Mwaka 2015 tukaanza kukopeshana fedha za kufuga kuchi. Mwenzetu mmoja alikuwa na jogoo ambaye hata wanaume walikuja kumtazama, na kila mmoja wetu akataka mbegu yake. Ikawa jogoo mmoja kwa mitetea 30 wa kikundi. Vifaranga wa kwanza walikuwa wazuri mno. Tuliuza, tukarudisha mikopo na riba, tukacheza ngoma. Kisha tukabakiza matemba, yaani binti zake, tukawapandisha kwa baba yao huyo huyo, na baadaye kwa kaka zao.

Kufika 2017 mama anaatamisha mayai 12, wanatoka vifaranga wanne, mmoja mguu umepinda. Mengine yote viza. Mdondo haukuwa, kwa sababu chanjo ya tone la jicho tulitoa kila miezi mitatu. Basi wengine wakasema tumerogwa. Wanachama watano walishindwa kulipa mikopo, na mkutano mmoja ulivunjika hata sanduku halijafunguliwa.

Afisa mifugo alipokuja aliuliza tu, "Majogoo wangapi?" Tukasema mmoja, na wanawe. Akachukua kijiti akaandika chini. Jogoo mmoja na mitetea 30, kwa hesabu ya damu ni kama una kuku wanne tu. Majogoo sita na mitetea wale wale, ni kama kuku 20. Hatukuamini. Mweka hazina wetu, ambaye hesabu hazimpiti, akairudia mwenyewe: zidisha majogoo kwa mitetea, zidisha tena kwa nne, gawa kwa jumla ya kuku wote. Ikatoka vile vile.

Hapo ndipo tulipobishana, mikutano mitatu. Wengine walitaka tulete Kuroiler au Sasso, wanakua haraka na damu ni mpya. Ni kweli. Lakini Kuroiler kuatamia hataki, kila mara urudi kununua vifaranga, na ukichanganya vizazi viwili vitatu kuchi hayupo tena. Tukakubaliana anayetaka chotara afuge, ila kwenye uzio wake.

Fedha za mfuko tukanunua majogoo wa kuchi vijiji vya mbali, visivyo na undugu na wetu, na hatukuchagua wakubwa peke yake. Wanachama tuko vitongoji vinne. Kila mwaka majogoo wanahama kitongoji kimoja kwenda cha pili, matemba wanabaki walipozaliwa. Kila jogoo ana kitambaa cha rangi mguuni na ukurasa wake katika daftari. Kumtoa yule jogoo wa kwanza kulikuwa na machozi, tusifiche, na mwenyewe alikaa miezi miwili bila kuja kikaoni.

Siku hizi katika mayai 12 tunapata vifaranga tisa au kumi. Ile mikopo mitano imelipwa yote. Wapo wateja wanaolalamika kuwa majogoo wetu wa sasa hawafikii ukubwa wa yule wa zamani, na mwenzetu akisikia hivyo anatutazama tu, anacheka.