Usitupe Mashina ya Sereli

Leo historia yetu inaanzia jikoni.

Juzi nilikuwa nawapikia wenzangu wa kujitolea ndagala hapa Nyarugusu. Nikakata majani ya sereli, mashina na mizizi nikatupa. Bibi jirani yetu, mtu wa Rumonge, akaniangalia akasema: "Mjukuu wangu, unatupa chakula."

Akaviokota, akaviosha vizuri. Mashina akayakatakata madogo, akayakaanga kwenye mawese pamoja na kitunguu, kabla ya nyanya. Mizizi akaisugua udongo wote ukatoka, akaiponda kidogo, akaifunga na uzi na kuitumbukiza kwenye mchuzi ili aitoe baadaye. Majani yakaingia mwisho kabisa. Kumbe shina ni gumu, linataka moto mrefu, lakini jani likikaa sana motoni harufu inapotea.

Tukala, akaanza kusimulia. Mawese ni ya michikichi ya kwao Rumonge, samaki ni wa Tanganyika. Sereli jina lake ni la Kifaransa, lugha ya Wabelgiji walioishika Burundi kuanzia 1916 hadi uhuru wa 1962. Na hiki Kiswahili tunachoongea kilifika ufukweni kabla yao, pamoja na wafanyabiashara wa Ujiji, karne ya 19. Yote hayo yako kwenye sufuria moja.

Mwaka 1972 vita ilipoanza Rumonge, tarehe 29 Aprili, halafu mauaji ya jeshi yakafuata, bibi alikuwa msichana. Familia ikakimbilia Tanzania, ikapelekwa Ulyankulu. Mwaka 2008 akarudi nyumbani, akakuta watu wengine wanaishi kwenye shamba la baba yake. Mwaka 2015 akakimbia tena. Alilala Kagunga ufukweni pamoja na maelfu ya wengine, mpaka meli ya Liemba ikamchukua kwenda Kigoma.

Kwa hiyo jiko lake ameanza upya mara tatu. Nikamuuliza, bibi, uliwezaje? Akasema kila mahali alinunua fungu moja la sereli lenye mizizi. Fungu hilo la kwanza mizizi yake hapiki. Anakata mashina juu, anaacha kama vidole vitatu, anafukia mizizi kwenye udongo wenye maji maji. Majani mapya yanatokea katikati. Akishakuwa na bustani, ndo mizizi mingine inaingia kwenye mchuzi.

Sisi tuliokulia kambini tunajua tarehe ya mgao kuliko mambo kama haya. Wazee wakiondoka, nani atatuambia? Muulize mzee wa kwenu alikuwa anapika nini kule ziwani, halafu uandike hapa.

Mimi nimepanda visiki viwili kwenye kopo la mafuta lililotobolewa. Kimoja kimekufa, kingine kimeshika.