«Unapenda hii mbegu?» Historia ya swali lisilotosha



Sisi watu wa agronomi tunafundishwa kupima shamba: tani ngapi kwa hekta, ugonjwa gani. Mlaji tunamuwekea swali moja mwisho wa anketi: «Mama, unapenda hii mbegu?» Mama anajibu ndiyo, juu anaheshimu mgeni. Kuna watu waliotafuta swali bora kuliko hilo.

Mwaka 1966, Kelvin Lancaster aliandika kwamba mtu anaponunua kitu, anatafuta sifa zake. Tuchukue kiazi kitamu: rangi, utamu, ugumu kikiisha kuiva. Miaka ya 1970, Daniel McFadden wa Marekani alitengeneza hesabu ya kusoma uzito wa kila sifa ndani ya uchaguzi wa watu. Aliijaribu kwenye treni mpya ya BART, upande wa San Francisco. Wenye mradi walingojea asilimia 15 ya wafanyakazi waipande. Yeye alisema 6,3. Walipanda 6,2. Mwaka 2000 alipata Nobel ya uchumi pamoja na James Heckman.

Mwaka 1983, Jordan Louviere na George Woodworth walionyesha namna ya kupanga uchaguzi wenyewe kwenye karatasi. Kiazi cheupe kwa bei ndogo, ao kiazi cha rangi ya chungwa kwa bei kubwa, ao usinunue kitu? Mtu anachagua mara nyingi, sifa na bei zikibadilika. Hapo hesabu inaonyesha yuko tayari kuongeza pesa ngapi kwa ajili ya rangi.

Lakini kusema si kulipa. Uganda, jirani yetu, Shyamal Chowdhury na wenzake walilinganisha watu waliochagua kwa mdomo tu na wale waliolipa kweli. Matokeo yalitoka 2011: thamani ya mdomo ilipita ile ya pesa zaidi ya mara mbili. Tena, bila kuelezwa faida ya vitamini A, watu hawakuongeza bei kwa kiazi cha chungwa. Walipoelezwa, waliongeza.

Kwetu Kongo tuko na mihogo ya njano na maharagi yenye chuma nyingi. Mkulima atapanda msimu wa pili kama soko linanunua, hata tani ziwe nyingi namna gani. Basi wewe unayeandaa kazi ya mwisho wa masomo, weka bei ndani ya swali lako. Na kama njia iko, acha mama afungue kitambaa chake cha pesa.