Jina la Bibi Penye Ubatizo

Mara nyingi wazazi hutujia kuandikisha binti kwa ubatizo, nao hawajapatana juu ya jina. Bibi ataka mjukuu aitwe jina la ukoo. Mama ahofu kwamba ni la kizamani, na mtoto atachekwa shuleni. Tena wako wazee wa kanisa wasemao kuwa jina lisilotoka katika Biblia ni la kipagani.

Historia yatufundisha vingine. Katika Warumi 16:1 Mtume Paulo amsifu Fibi wa Kenkrea. Kwa jina hilo Wayunani walimwita pia Artemi, mungu wao wa kike. Lakini hatusomi kwamba Paulo alimtaka alibadili. Mwaka 203, huko Karthago, Perpetua na Felisita waliifia imani wakiwa na majina yao ya Kilatini. Naye Luther, alipopata binti mwaka 1534, alimwita Margarete, jina la mama yake aliyefariki mwaka 1531.

Basi jina la kale halizuii neema. Kweli, jina lililofungamana na tambiko lahitaji mazungumzo. Lakini Mchaga amwitapo bintiye Aika, yaani 'asante', twaweza kulikataaje?

Hata hivyo, ukoo nao usilazimishe. Jamaa za Elisabeti walishikilia jina la ukoo, naye akakataa (Luka 1:59-61). Sisi wachungaji tuulize kwanza maana ya jina, ndipo tuseme. Bibi aliyekataliwa jina lake penye kisima cha ubatizo aweza kudhani kwamba yeye mwenyewe amekataliwa.