Nyuki wa Nyanda za Kati: Funzo la Kongwa na Wajibu wa Leo

Tuzungumzapo utamaduni wa taifa, aghalabu fikira zetu hukimbilia ngoma, nyimbo, mavazi na methali. Mambo hayo ni sehemu yake kweli, na haikuwa bure Tanganyika ilipounda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana mwaka 1962, mara baada ya kuwa Jamhuri. Lakini utamaduni ni pia ujuzi wa watu wa kuishi katika nchi yao: kujua ni mti upi ukatwe na upi uachwe, ni mwezi gani wa kupanda, na ni kiumbe gani kisidhuriwe hata kama kinauma. Katika makala haya tutatazama tawi moja la ujuzi huo, yaani uhusiano wa watu wa Dodoma na nyanda za kati na nyuki, pamoja na viumbe wenzao wanaobeba chavua kutoka ua hadi ua.

Dodoma iko juu ya uwanda ulioinuka zaidi ya mita 1,000 toka usawa wa bahari. Mvua yake ni haba, kwa wastani kama milimita 570 kwa mwaka, nayo hunyesha baina ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni ya jua na upepo. Mgeni apitaye wakati wa kiangazi huona miti isiyo na majani na udongo mwekundu, akadhani nchi imekufa. Mwenyeji anajua vingine. Anajua kwamba migunga, mikwaju na miti mingine ya porini ina nyakati zake za kuchanua, na kwamba nyuki hufuata maua hayo kama mfugaji afuatavyo malisho.

Kwa vizazi vingi Wagogo, Wasandawe, Warangi na majirani zao walipata asali kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuitafuta katika mapango ya miti, mara nyingi wakiongozwa na mlembe, ndege mdogo ambaye huita na kuruka mbele ya mtu mpaka mahali penye nyuki, ili naye apate nta na mabuu baada ya sega kukatwa. Ya pili ni kutundika mzinga wa gogo lililochongwa ndani. Asali ililiwa, ilitumika kwa dawa, na ilitengenezewa pombe ya kangara iliyonywewa katika arusi na matambiko. Na mti uliobeba mzinga ulikuwa na mwenyewe. Hakuna jirani mwenye adabu aliyeutia shoka. Hivyo mzinga ulilinda mti, na mti ukalinda nyuki.

Yafaa hapa tueleze kazi ya nyuki kwa ukamilifu. Ili ua lifanye mbegu, chavua, yaani ule unga mwembamba wa sehemu ya kiume, hauna budi kufika kwenye sehemu ya kike. Mimea mingine huachia upepo kazi hiyo. Uwele na mahindi ni ya namna hiyo, na mtama kwa kiasi kikubwa hujichavusha wenyewe. Karanga nazo hujichavusha. Kwa kuwa nafaka ndizo chakula kikuu cha Ugogo, ni rahisi mkulima kusahau deni lake kwa wadudu. Lakini mtazame anachokula pamoja na ugali. Boga lina ua la kiume mbali na la kike, na pasipo nyuki halizai. Tikiti ni vivyo hivyo. Alizeti, zao ambalo leo limeenea sana Dodoma na Singida, hujaza mbegu vizuri zaidi inapotembelewa na nyuki.

Wala nyuki si peke yake. Wako nyuki wadogo wasiouma, wako vipepeo, mbawakawa na nondo. Mmumunya, mmea utoao vibuyu, hufungua maua yake jioni, nao nondo huwa miongoni mwa wageni wake. Mbuyu nao, ambao ni alama ya nchi hii, hufungua ua lake kubwa jeupe usiku, na popo ndiye aliyapaye maua hayo huduma akija kunywa utomvu wake mtamu. Katika miaka ya njaa, kama ile iliyoitwa Mtunya ya mwishoni mwa vita vikuu vya kwanza na baada yake, matunda ya porini yaliwasaidia watu kuvuka shida. Hata muziki una deni hapo. Zeze la Kigogo, ambalo hayati Hukwe Zawose (1938–2003) alilipeleka mbele ya mataifa, hupata sauti yake katika kibuyu. Na kibuyu hakiwi bila mdudu aliyelitembelea ua. Mwenye kuitunza ngoma na kumwua mdudu hajaitunza ngoma.

Sasa tuje kwenye historia, maana iko siku ambapo ujuzi huo ulipambana waziwazi na mashine. Baada ya vita vikuu vya pili Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 likatungwa shauri la kulima karanga katika Afrika Mashariki kwa matrekta, juu ya mamilioni ya ekari, na kwa gharama iliyokadiriwa kuwa pauni milioni 25. Sehemu ya kwanza kuchaguliwa ilikuwa Kongwa, mashariki ya Dodoma. Mwaka 1947 mashine zikaanza kuwasili: matrekta yaliyotumika vitani, na baadaye hata vifaru vilivyogeuzwa kuwa vya kung'olea visiki. Minyororo mizito ya meli ilifungwa baina ya matrekta mawili ili kulaza pori.

Pori la Kongwa halikulala kwa urahisi. Mibuyu ilikuwa migumu kung'oa, na mingi ilikuwa na nyuki katika mapango yake. Ilipotikiswa, nyuki walitoka na kuwashambulia wafanyakazi. Wasimamizi wa mradi waliliona jambo hilo kuwa udhia tu, mmoja wa vikwazo vya kuondolewa, pamoja na miiba, faru na ukosefu wa maji. Hawakujiuliza kwa nini watu wa nchi ile, waliokuwa na mashoka na moto tangu zamani, waliiacha mibuyu ile isimame katikati ya mashamba yao.

Matokeo yanajulikana. Mwaka wa kwanza ilikusudiwa kupandwa ekari 150,000 huko Kongwa. Zilizopandwa hazikuzidi sana 7,500. Udongo uliokaukiwa na jua ulikuwa mgumu kama tofali, ukala majembe ya chuma. Mvua ilikuja kwa desturi yake yenyewe, pasipo kufuata hesabu za ofisini. Alizeti nayo ilijaribiwa, isifaulu. Mwezi Januari 1951 mradi ulitangazwa kuwa umekwisha, na hasara ilikuwa karibu pauni milioni 36.

Hatusemi kwamba mradi ule ulianguka kwa sababu ya nyuki. Ulianguka kwa sababu ya haraka, udongo, ukame na mashine mbovu. Lakini jinsi nyuki walivyohesabiwa ndiyo inayoonyesha kosa lenyewe lilivyokuwa. Nchi ilitazamwa kama karatasi tupu ya kuandikiwa, na kila kilichokuwa juu yake kikaitwa kizuizi. Watu walioijua waliajiriwa kwa mikono yao. Vichwa vyao havikuulizwa. Na pale pori lilipoondolewa, ardhi ilibaki wazi kwa jua, upepo na maji.

Ajabu ya historia ni kwamba katika miaka ileile serikali ya kikoloni ilianza kutambua thamani ya nyuki kwa njia nyingine. Nta ya Tanganyika ilikuwa imekwisha kuuzwa ng'ambo tangu wakati wa Wajerumani, na sehemu kubwa ilitoka katika misitu ya miombo ya Unyamwezi, magharibi ya Ugogo. Mwaka 1949 ikaanzishwa idara ya kushughulikia ufugaji nyuki. Mtaalamu wake, F. G. Smith, aliwachunguza nyuki wa nchi hii, na mwaka 1961 aliwapa majina ya kitaalamu nyuki wa pwani na nyuki wa milimani, akiwatofautisha na wale wa nyanda za juu kavu. Baada ya Uhuru, Tabora ikawa kitovu cha mafunzo ya ufugaji nyuki nchini.

Mfano mwingine wapatikana Kondoa, kaskazini ya Dodoma. Huko miteremko ilikuwa imechimbwa na maji hadi kuwa makorongo. Mwaka 1973 ukaanzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliofupishwa kwa jina la HADO. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililoharibika zaidi. Wafugaji waliumia kwa hatua hiyo, na si haki kulisahau jambo hilo. Hata hivyo, nyasi, vichaka na miti vilirudi katika ardhi ambayo wengi walikuwa wameikatia tamaa. Na panaporudi maua, warukao juu ya maua nao hurudi. Kongwa ilionyesha jinsi nchi ivuliwavyo nguo. Kondoa ilionyesha kwamba yaweza kuvikwa tena, lakini kwa gharama na kwa subira.

Leo nyanda za kati zimo katika mabadiliko makubwa kupita yale ya 1947. Mwezi Oktoba 1973 chama cha TANU kiliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ikaundwa mwaka huohuo. Kazi ilikwenda polepole kwa miaka mingi, kisha ikashika kasi baada ya tangazo la mwaka 2016. Mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo hilo. Ile ya 2022 ilihesabu 765,179. Watu hao wahitaji nyumba, barabara, mkaa na chakula. Pori lililokuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu limekuwa viwanja.

Mashambani nako kuna hatari zake. Mkulima wa alizeti anayepiga dawa wakati maua yamefunguka humwua mfanyakazi wake asiyemlipa mshahara. Ndege waitwao kwelea kwelea, ambao huangamiza mtama na uwele, hupigwa dawa kwa ndege za angani. Na fenthioni, dawa iliyotumika sana kwa kazi hiyo, ni sumu kali kwa nyuki pia. Hakuna awezaye kumwambia mkulima auache mtama wake uliwe. Lakini jirani mwenye mizinga ana haki ya kuarifiwa mapema, ili aifunge au aihamishe, na dawa yoyote ya shambani yafaa ipigwe jioni, nyuki wakiwa wamerudi.

Sheria haikukosekana. Taifa lilitunga sera ya ufugaji nyuki mwaka 1998, na Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 2002 imeruhusu hata kijiji kutenga hifadhi ya nyuki. Mizengo Pinda, aliyekuwa Waziri Mkuu toka 2008 hadi 2015, alijulikana kwa kuhimiza ufugaji nyuki, naye mwenyewe akafuga Dodoma. Lakini sheria isiyokaa katika mazoea ya watu ni wino tu. Zamani mti wenye mzinga haukuhitaji askari.

Kwa hiyo walimu na wanafunzi wana kazi ya kufanya. Shule iliyo na shamba na iweke manzuki mbali na madarasa na njia, chini ya uangalizi wa mtu aliyefunzwa. Wanafunzi na waandike, mwezi hata mwezi, ni miti gani imechanua na ni wadudu gani wameonekana. Baada ya miaka michache daftari hilo litakuwa hazina ambayo wapimaji wa Kongwa hawakuwa nayo. Waende kwa wazee kuuliza majina ya miti na matumizi yake katika Kigogo, Kirangi na Kisandawe. Na jiji linapopimwa, mibuyu iliyokwisha kuwako kabla ya ramani ihesabiwe katika ramani, pamoja na mikwaju na migunga ya kandokando ya makorongo.

Wazee walisema: fuata nyuki, ule asali. Methali hiyo kwa kawaida huwahimiza watu kuandamana na wenye bidii. Kwa mtu wa nyanda za kati ina maana nyingine iliyo wazi zaidi. Anayefuata nyuki hufika kwenye mti, na mti humfikisha kwenye kivuli, matunda na udongo usiochukuliwa na maji. Wale waliokuja Kongwa mwaka 1947 walikutana na nyuki mlangoni, wakawafukuza. Sisi tunaojenga makao makuu ya taifa letu katika uwanda uleule hatuna udhuru wa kurudia jambo hilo.