Bastola ya babu ina umri gani?

Katika mabishano ya ardhi mtu husimama na kusema: «Tuna bastola ya babu, kwa hiyo sisi ndio tuliotangulia kwenye kilima hiki.» Basi tuisome hiyo bastola, kwa macho tu, si kwa mikono.

Mji wa Liège, Ubelgiji, ulitengeneza silaha nyingi za wakati wa Bula Matari. Silaha iliyojaribiwa huko ilipigwa chapa: herufi ELG ndani ya mviringo kama yai. Tangu 1893 taji liliwekwa juu ya yai. Chuma kisicho na taji kilijaribiwa kabla. Chenye taji ni cha mwaka ule au baadaye. Jina la Nagant husaidia pia, ndugu wawili wa Liège. Bastola yao ya 1878 ilibebwa na maofisa wa Ubelgiji. Ile ya 1895, yenye masasi saba, ilinunuliwa na Urusi.

Lakini ilimfikiaje babu? Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yalitia sahihi Mkataba wa Brussels. Yalisema yanapiga vita biashara ya watumwa, yakakataza bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, yakaruhusu gumegume. Majeshi ya serikali hayakuguswa! Kwa sheria ile, mwanakijiji hakununua bastola bila kibali. Hivyo chapa inatuambia umri wa chuma na kiwanda chake. Nani alilima kilima kwanza, haisemi neno; hilo waulizwe wazee wa pande zote mbili.

Masasi ndiyo ya kuogopa. Yale ya 1878 yalijazwa baruti nyeusi. Baruti isiyo na moshi ina nguvu zaidi na inaweza kupasua chuma kile usoni pa anayefyatua. Sasi lililolala udongoni miaka mingi linaweza kuwa zima bado.

Na bei? Wakusanyaji wa Ulaya hutafuta silaha nzima, yenye namba zinazolingana na karatasi halali. Kilicholiwa na kutu wanakiacha.

Mama akilima akikuta chuma cha namna hiyo, asikiinue. Aweke kijiti mbali kidogo, awaondoe watoto, amwite chifu. Chifu naye asikiguse; aite wataalamu wa kutegua mabomu, na herufi zisomwe baada yao.