Sa Re Ga Ma: Elimu Iliyotoka Majumbani

Vijana wetu wanaozisikia Sa, Re, Ga, Ma, Pa, Dha, Ni, hufikiri kuwa tangu zamani kila atakaye alifundishwa. Sivyo. Kaskazini ya Bara Hindi uimbaji wa raga ulikuwa mali ya ukoo: mzee alimfundisha mwanawe au mtoto wa nduguye, mgeni alitumikia miaka, na nyimbo nyingine zilizikwa pamoja na wenyewe. Sisi tulioko ugenini, ambao nasaba zetu ziko vichwani mwa bibi zetu, twalijua jambo hilo.

Vishnu Digambar Paluskar, ambaye fataki zilimharibu macho utotoni, alifungua chuo Lahore mwaka 1901, wakaingia watu wasio wa koo hizo. Naye mwanasheria V. N. Bhatkhande (1860–1936) alizunguka nchi akiwasikiliza waimbaji (si wote waliompa kwa moyo mkunjufu), akaandika nyimbo zao kwa mamia na kuzigawa raga mafungu 10.

Mwanzo haukubadilika: mwanafunzi huishika Sa kwa pumzi ndefu, tambura ikilia. Sa na Pa hazigeuki. Tano nyingine kila moja ina sura mbili, jumla sauti 12. Hayo yamo vitabuni. Kuitelezesha sauti toka Re hadi Ga bado kwataka mwalimu wa kukaa naye uso kwa uso.